Unyoya wa Mama

Kila nikisikia harufu ya soksi mbichi zinazokauka juu ya meko, narudi msimu ule wa mvua ndefu hapa kwetu Sosiot, mama alipoanza kujikwaa kati ya michai. Asubuhi alichuna majani vizuri. Adhuhuri jua likiwaka, mguu wa kushoto ulimgomea kama punda. Vikombe vilimponyoka. Jicho moja likaona ukungu hata siku isiyo na ukungu, na kwetu siku hiyo ni adimu. Hospitalini wakauita multiple sclerosis: askari wa mwili, walituambia, wanageuka na kuguguna ganda la mishipa ya fahamu. Shangazi, ambaye kwa kawaida alikuwa na jibu la kila kitu, siku hiyo alikuwa na swali tu. "Na huyu mtoto je?" Hakunitazama mimi. Alimtazama dada yangu, Chelangat.

Chelangat alikuwa mama kabisa: pua, sauti, mwanya, hata mwendo. Mimi nilikuwa baba, pamoja na masikio yake. Basi maombi yote yakawa ya Chelangat. Asibebe kikapu, aongezewe maziwa, asikae juani. Mtoto wa nyoka ni nyoka, majirani walinong'ona, nami nikabaki sijui ni mtoto wa mnyama gani. Kilichoniuma zaidi ni unyoya. Kila jioni, gambuti zikishavuliwa, mama aliipakata miguu ya Chelangat na kupitisha unyoya wa kuku nyayoni, taratibu, kuona kama bado zina fahamu. "Unahisi?" "Nahisi, Mama," naye anacheka mpaka machozi. Siku moja nikauingiza mguu wangu kati yao. "Na mimi?" Mama akausukuma kando kwa upole. "Wewe una miguu ya babako. Hiyo haiugui. Nenda uangalie ugali." Niliuangalia kwa chuki hadi ukaungua.

Siku hizi Chelangat anauza mahindi Mulot. Mimi, ambaye hata kwenda Bomet mjini naona ni safari ya kuaga watu, nilibaki nyumbani na mama na kiti chake cha magurudumu. Juzi tulimpeleka kliniki sote wawili, na dada akaitoa hofu aliyoibeba tangu utotoni. "Daktari, mimi nimefanana naye. Nitaupata?" Daktari akasema ugonjwa huu haurithiwi kama pua. Mzazi au ndugu akiwa nao, uwezekano hupanda kidogo, lakini watoto wengi wa wagonjwa hawaupati kamwe. Kufanana sura hakuongezi kitu. "Nyinyi wawili mko sawasawa." Dada alilia kwa nafuu. Mimi, Mungu anisamehe, nililipenda lile neno sawasawa. Kitu cha kwanza cha mama tulichogawiwa nusu kwa nusu, hata kama ni hofu.

Jioni ile nilivua soksi, nikaweka mguu wangu mpana kwenye paja la mama. "Na mimi."

"Mtu mzima hivyo, Chebet, huoni haya?"

"Sioni."

Nikamfungia vidole kwenye unyoya, maana sasa havihisi kitu chepesi. Zamani mkono ule ulijua kila kitu na mguu wangu haukuulizwa. Leo mkono hauna habari, mguu ndio unaotoa taarifa.

"Unahisi?"

"Nahisi, Mama. Rudia."

Dada alisimama mlangoni akitutazama, kiatu kimoja tayari mkononi.

"Ngoja zamu yako," nikamwambia.