Siku Niliyompeleka Neema Awe Mfano kwa Wafilipino

Aibu hii nimeikalia miezi minne, na kama msingeniuliza kwa nini siku hizi sikanyagi Wheaton, mji wa jirani hapa Marekani, ningekufa nayo.

Chanzo ni mdomo wangu. Kazini kwetu, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kuna dada wa Kifilipino anaitwa Tess, na siku moja tukila alilalamika kwamba kijana wake Migs ni Kiingereza tu, lugha ya kwao hata ya kuombea maji hana. Badala ya kumpa pole nikaanza kidomodomo (Mtanzania na Kiswahili chake, mnatujua): "Kwetu hilo halipo, dada. Mtoto asiye na lugha ya kwao ni wa kwao kwa lipi?" Tess akaniamini, akasema Jumamosi vijana wao wana mjadala ukumbini Wheaton, kama Mfilipino wa Kiingereza kitupu bado ni Mfilipino, basi nimlete binti yangu Neema awe mfano.

Ningesema mtoto anaumwa, yakaisha. Nikakubali. Neema ana miaka kumi na mitano, Kiswahili anakisikia ila hakiongei, kwa hiyo wiki nzima nikamkaririsha sentensi tano kama kasuku.

Siku yenyewe Migs akasimama akasema, kwa Kiingereza, kwamba Ufilipino wake hauko kwenye ulimi, nami nikaguna makusudi watu wasikie. Kisha Neema akamwaga sentensi zake, makofi, kichwa kikanivimba. Ndipo mzee mmoja, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, akamuuliza taratibu, "Hongera, binti. Nyumbani huwa mnazungumza nini?"

Neema akanitazama. Nikadakia, "Ana haya huyu."

"Mwache ajibu mwenyewe," mzee akasema.

Akajibu kwa Kiingereza, ukumbi mzima ukasikia: kwamba alifika huku ana miaka sita akiongea Kiswahili tu, baba yake (ndiye mimi) akampiga marufuku asije akabaki nyuma shuleni, na kila neno likimponyoka ananyimwa katuni. Yote kweli. Wazazi wa Kifilipino wakaangalia viatu vyao, Tess akageuka pembeni. Aliyempisha Neema kiti ni Migs.

Garini nikajikaza, nikamwambia Neema: "Mama, kuanzia leo Kiswahili tu." Akanijibu kwa Kiingereza chake, bila hasira, kwamba ile wiki ya kukaririshwa aliifurahia, maana alidhani namfundisha kwa ajili yake.

Nimeapa simcheki tena mzazi yeyote. Kiswahili nazungumza naye kila jioni, na ananijibu "okay".