Maboksi ya Wageni

Inatangazwa kwa watu wote, kwa maandishi ya samawati yaliyobandikwa langoni, mapokezi na, kwa sababu isiyojulikana, kwenye mlango wa choo, kwamba katika hospitali hii sindano ikishatumika hutupwa papo hapo ndani ya boksi la manjano, na kwamba mwaka huu hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyechomwa. Tangazo limetiwa sahihi na Bwana Gachau, msimamizi wa hospitali, mtu mkweli ambaye hajawahi kutangaza jambo lolote ambalo halijafikishwa mezani kwake.

Hospitali yenyewe iko Ruiru, na wodi yake ya wanawake iko chini ya Sista Ndinda. Ndinda alizaliwa Kithimani, akaolewa, akajenga Kalimoni. Sebuleni kwake kuna kabati la vioo, na ndani ya kabati kuna vikombe vyenye ukingo wa dhahabu alivyozawadiwa siku ya arusi. Mumewe, Kaloki, hajawahi kuvinywea. Vikombe ni vya wageni, na Kaloki si mgeni.

Kwa hiyo siku maboksi ya manjano yalipoletwa wodini, magumu, yanang'aa, yenye kifuniko kisichofunguka tena kikishafungwa, Ndinda alitambua mara moja kwamba ni vitu vizuri. Akayafungia kabatini. Wakaguzi walipokuja aliyatoa, akayapanga kando ya vitanda, wakaguzi wakayasifu kwa usafi, wakaondoka, yakarudi kabatini. Siku za kawaida sindano zilitupwa kwenye katoni tupu zilizoletewa dripu. Hakuna muuguzi aliyeona ajabu. Kila mmoja wao ana vyombo vya wageni nyumbani.

Aliyebeba katoni hizo hadi kwenye tanuri la taka alikuwa Akello, msafishaji, mkazi wa Githurai 45, mama mwenye maneno machache. Akello alibeba katoni akiwa amenyoosha mikono yote miwili mbele, kama amebeba mtoto wa jirani aliyejikojolea. Jambo hilo lilimuudhi Sista kila siku, kwa kuwa katoni iliyobebwa hivyo hupasuka kitako.

"Akello, mtu akikuona atadhani umebeba nyoka."

"Nyoka ni afadhali, Sista. Nyoka huwa inatoroka."

Jumatatu moja Ndinda aliamua kumfundisha. Akachukua katoni, akaikumbatia vizuri kifuani, mkono mmoja juu, mwingine chini ya kitako, akasema hivi ndivyo mzigo unavyobebwa. Sindano ilipita kwenye kitako cha katoni, ikapita glavu, ikaingia chini ya kidole gumba.

Ndinda aliweka katoni sakafuni taratibu. Akello alienda akafungua mfereji.

Mambo ya kufanya Ndinda aliyajua, maana ndiye aliyewafundisha wengine. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue. Ripoti. Anza dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi mapema, na zikipita siku tatu usijisumbue. Kuosha aliosha. Kwenye kuripoti akakwama. Ijumaa wakaguzi walikuwa wanakuja kuikabidhi hospitali cheti cha usalama, na wodi iliyopewa heshima ya kukipokea ilikuwa yake. Tena, katoni ilikuwa na sindano za wodi nzima. Asingeweza kujua iliyomchoma ilitoka kwa mgonjwa gani, ila alijua kwamba wagonjwa wawili walikuwa wakimeza dawa za virusi, kwa sababu aliwapa kwa mkono huo huo.

Akamwambia Akello jambo hili lisitoke.

"Kwani mimi nimeona nini?" Akello akasema. Alipofika mlangoni akageuka. "Lakini uende leo, Sista. Usiseme kesho."

Ndinda akaaga kwamba jino linamsumbua, akaenda Thika, kwenye hospitali ambako hakuna aliyemjua. Kwenye benchi la kungojea alimkuta Muriithi wa maabara, wa hospitali yao, ambaye naye aliomba ruhusa asubuhi hiyo. Walitazamana.

"Jino?" Muriithi akauliza.

"Jino."

"Hata mimi."

Wakasogezeana nafasi, wakakaa kimya kama watu wawili wenye meno mabovu.

Muuguzi wa pale, Mbithe, alimpima, akamwandikia dawa za wiki nne, akamwambia kwamba kujua kwa hakika kutachukua miezi mitatu. Kisha akamshauri ameze pamoja na chai ya saa nne ili asipate kichefuchefu. Akasema ndivyo alivyowaambia wenzake Ndinda wote wa Ruiru.

Ndinda akauliza ni wenzake gani hao.

"Si nyinyi mnakuja huku?" Mbithe akasema, akifunga pakiti. "Na sisi tukichomwa tunapanda gari tunakuja kwenu." Nyuma yake, ukutani, palikuwa na tangazo. Lilisema kwamba mwaka huu hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyechomwa.

Jioni Ndinda alimweleza mumewe. Kaloki alisikiliza mpaka mwisho, akauliza miezi mitatu itaisha lini, kisha akaenda kupika chai. Vikombe vya kila siku vilikuwa vichafu, naye hakuwa katika hali ya kuosha vyombo. Akafungua kabati la vioo. Akamletea mkewe chai katika kikombe cha arusi, akasimama akingoja kukaripiwa. Hakukaripiwa.

Kesho yake Ndinda aliyatoa maboksi yote ya manjano, akaweka moja kando ya kila kitanda, akawaambia wauguzi wayatumie mpaka yajae. Katoni akazipeleka tanurini mwenyewe, akiwa amenyoosha mikono mbele. Halafu akaenda ofisini kwa Bwana Gachau akamweleza kila kitu, katoni, kidole, Thika na jino.

Gachau alisikitika sana, na alisikitika kweli. Akampa pole, akamuuliza kama anakula vizuri. Kisha akakuna kidevu.

"Sasa, Sista, umechomwa hapa lakini umetibiwa Thika. Hiyo tutasema ni yetu ama ni yao?"

Ndinda akasema mkono ni wake. Gachau akakubali, akaahidi kulitafakari suala hilo baada ya Ijumaa.

Ijumaa wakaguzi walifika. Waliona maboksi ya manjano yakiwa na sindano ndani, wakanong'onezana kidogo, lakini cheti kilikuwa kimeshachapishwa. Mkuu wao alisimama uani mbele ya wafanyakazi wote, akasoma kwa sauti kwamba mwaka huu hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyechomwa. Watu wakapiga makofi. Ilikuwa inakaribia saa nne, na chai ilishawekwa mezani.

Ndinda alipokea cheti, akampa Akello amshikie, akazunguka nyuma ya jiko kwenye mtungi wa maji, kumeza dawa yake. Alikuta foleni.