Upondo wa Mkole Katika Mto Ruvuma

Siku ya kwanza niliposimama kwenye omo, yaani mbele kabisa ya mtumbwi, ukungu ulikuwa umeufunika Ruvuma hata sikuyaona maji yaliyonibeba. Niliona miguu yangu tu. Nyuma, kwenye tezi, mjomba wangu Saidi alikuwa ameketi na kafi, kasia fupi, magotini, na sauti yake ilinifikia kama ya mtu aliye ng'ambo.

"Usiutafute mto kwa macho, Mama Somoe. Usikilize kwa nyayo."

Kazi ile ilikuwa ya mume wangu, Baba Somoe. Lakini msafara wa boma la Wajerumani ulipita Newala, askari wakamchukua awe mpagazi. Akaondoka na mzigo kichwani kuelekea Masasi, na mvua za mwaka ule zikaisha bila yeye kurudi. Mjomba akabaki na mtumbwi usio na mtu wa mbele. Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli, na kauli yake ilikuwa nimwache mtoto kwa bibi yake, nishuke mtoni.

Ninyi mnaofunga injini kwenye boti huenda mkashangaa kwa nini mtu wa omo alikuwa na thamani hivyo. Mvuvi wa nyuma alishughulika na wavu. Wa mbele ndiye aliyeusogeza mtumbwi taratibu kando ya matete, na ndiye aliyeushika mahali pamoja wakati mkondo unauvuta. Kafi hupiga maji, samaki wakatawanyika. Kwa hiyo tulitumia upondo, mti mrefu unaoshindiliwa chini ya mto, ambao ukiwa mwema huingia majini kama kidole kwenye mafuta.

Kuuchagua ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Mjomba alinilazia pondo tatu mchangani: mmoja wa mwanzi, mmoja wa mkole, na mmoja wa mti mzito wa porini ambao sikuweza hata kuuinua vizuri.

"Upondo huchaguliwa na anayesimama mbele," alisema. "Mimi sitasema neno."

Nikachukua mwanzi, kwa kuwa ulikuwa mwepesi. Hatukufika mbali. Kila nilipouvuta uligonga ubavu wa mtumbwi, na kwa kuwa ndani ni mtupu, ulilia kama ngoma ndogo. Chini ya matete maji yakatibuka, kambare wakaenda zao.

"Umeusikia?" aliuliza mjomba.

"Nimeusikia."

"Na wao wameusikia."

Siku iliyofuata nilichukua mkole. Si mwepesi wala si mzito. Hupinda bila kuvunjika, kisha hujinyoosha polepole mikononi mwako, kama mtu anayeamka. Tulikata miti yake kwenye mteremko wa Newala, tukaikausha kivulini na kuipaka mafuta ya nyonyo ili isitutoe malengelenge. Kwenye matope upondo huachiwa panda mguuni usizame. Kwetu palikuwa na mchanga, kwa hiyo tulichonga ncha na kuichoma motoni iwe ngumu.

Hivyo misimu ikapita. Nakumbuka zaidi kimya chake: maji ya rangi ya chai, mtumbwi ukiteleza, mjomba nyuma yangu bila neno, nami nikiwa nusu macho, nusu usingizini. Samaki tuliwakausha kwa moshi na kuwapandisha juu Newala. Mara moja Akida, mkubwa wetu aliyewekwa na boma, aliteremka kuagiza samaki. Akaniangalia kwa muda mrefu.

"Mwanamke anasimama mbele?"

"Anasimama anayeweza, Akida," mjomba alijibu kwa upole.

Akida akacheka kidogo, na tangu siku hiyo tukawa tunavua kwa ajili ya boma pia. Kila askari aliyekuja kuchukua samaki nilimuuliza habari za mume wangu. Hakuna aliyemjua.

Kisha vikaja vita vya Maji Maji. Sisi wa mtoni tulianza kuona moshi tu, mbali, upande wa Masasi. Baadaye wakaja watu. Maghala yao yalikuwa yamechomwa, na walitaka kuvuka kwenda upande wa Wareno kabla askari hawajafika. Akida alikuwa ametoa amri kwamba mitumbwi yote ipandishwe nchi kavu. Mjomba aliwatazama wale watoto waliokaa kimya mchangani, akaanza kuusukuma wetu majini.

"Mto umejaa," aliniambia. "Ukichukua mwanzi tutavuka upesi. Chagua wewe."

Nikachukua mkole.

Tuliwapakia mpaka maji yakakaribia ukingo. Tulikuwa katikati, juu ya fungu la mchanga lililozama, viboko walipojitokeza mbele yetu, wengi, wakivuka taratibu. Mjomba akanong'ona, "Shika."

Nikashindilia upondo mchangani, nikaukumbatia. Mkondo ukatuvuta, mkole ukapinda, ukapinda tena, ukakaa. Hakuna aliyekohoa. Hapo ndipo mwanamume aliyekaa miguuni pangu aliponiita kwa sauti ya chini sana.

"Kule mchangani nimesikia ukiitwa Mama Somoe. Ndiwe?"

"Ndimi."

"Nilibeba mizigo pamoja na mumeo. Alikuwa akimtaja huyo mtoto kila tulipotua."

Sikugeuka. Nilimuuliza yuko wapi.

"Homa ilimpata kwenye njia ya Songea. Tulimzika sisi wenzake, Mama. Tulimzika vizuri."

Viboko walikuwa bado wanapita. Kama ningelia mtumbwi ungeyumba, na watoto walikuwa ndani. Kwa hiyo nilishika. Nilihisi mti ule ukitetemeka kifuani pangu, na kwa muda sikujua ni mto unaotetemeka au ni mimi.

Tulifika ng'ambo salama, wote. Yule mtu alinishika mkono, akaingia kwenye majani pamoja na wengine. Mjomba alikuwa amesikia kila neno.

"Kaa chini, mwanangu," alisema.

Nikakaa katikati ya mtumbwi mtupu, mahali ambapo sikuwahi kukaa. Naye hakupiga kafi. Aliuachia mto utuchukue, tukapita vijiji vyetu, tukapita matete, mpaka nilipomaliza kulia. Kisha tukaukokota mtumbwi kurudi juu, siku nzima.

Baada ya vita ikaja njaa. Watu walichimba ming'oko, vile viazi vya mwituni, porini, na wale samaki wetu wachache waliwafikisha wengi kwenye mvua. Mjomba alifariki nikiwa bado nasimama mbele, nami niliendelea mpaka magoti yalipokataa. Nikapanda mlima, nikahamia kwa Somoe.

Somoe hamkumbuki baba yake. Huniuliza alikuwa mtu wa namna gani, nami nina mengi ya kumwambia. Lakini linalotangulia kunijia ni kabla ya ndoa yetu, nikiwa nateka maji, nilipomwona akipita amesimama wima kwenye omo. Ndege yangeyange walikuwa wamejaa kwenye maji ya kina kifupi, weupe, karibu naye kiasi cha kuguswa. Alipita katikati yao, na hakuna hata mmoja aliyeruka.