Sentimita Moja ya Fenna

Wapo wanaosoma riwaya. Renske wa mjini Sneek alisoma vikaratasi vinavyokuja ndani ya maboksi ya dawa, tena kalamu nyekundu mkononi.

Tangu Septemba binti yake Fenna, mwenye miaka tisa, alikuwa akimeza kidonge kimoja kila asubuhi cha kutuliza akili isiyotulia. Kilifanya kazi. Mwalimu aliyekuwa akipiga simu kulalamika sasa alipiga kusifu. Mama mwingine angeshukuru. Renske alitazama mkate wa chokoleti uliorudi kutoka shule umeng'atwa mara moja tu, akaona jeneza. Tuseme ukweli, hofu yake haikuwa ya bure kabisa. Mchana mtoto hakuwa akila vizuri. Daktari alishasema ale sana asubuhi na jioni, na likitokea lolote wampigie simu. Renske aliyaandika yote hayo, kisha akaenda kuuliza kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mama mkwe.

Viti vilipangwa duara, kila mtu akampongeza kila mtu kama ilivyo desturi yao, keki ikagawiwa kipande kimoja kimoja, ikabaki kazi ya kumhukumu Fenna.

"Mtoto anataka hewa safi tu," alisema shangazi Trijn, ambaye halali bila kidonge wala haamki bila kingine.

"Enzi zetu mtoto mtundu alipelekwa kukamua ng'ombe," alidakia mjomba Wybe.

"Wewe si ulikamua, mjomba?" aliuliza Douwe, mume wa Renske. "Mbona hujatulia mpaka leo?"

Januari, Renske alimsimamisha Fenna kwenye fremu ya mlango wa jikoni, penye alama za penseli za urefu wake. Katika ukoo ambao wanaume huinama kupita milangoni, urefu ni heshima. Aliweka kitabu kichwani pa mtoto, akachora. Mstari ulikuwa chini ya ule wa Septemba. Chini! Sentimita moja nzima. Kikaratasi kilisema dawa huweza kuchelewesha kukua. Kumbe huyu alikuwa anarudi alikotoka.

Hakumpigia daktari simu. Daktari angemtuliza, naye hakutaka kutulizwa. Asubuhi iliyofuata alimpa Fenna kidonge cha vitamini, cheupe vilevile, bila kumwambia mtu.

Wiki tatu baadaye ulikuwa mtihani wa kuogelea. Darasa zima shuleni walishapata cheti isipokuwa Fenna, ambaye kabla ya kuanza dawa alifeli mara mbili kwa kuruka kabla ya kuambiwa. Mwalimu wa kuogelea alisema, "Subirini." Fenna alikuwa akitazama taa zinavyocheza majini. Akaruka, akamwangukia mwenzake mgongoni. Watoto wanane wa madarasa mengine waliofanya naye mtihani walipewa cheti, Fenna akapewa taulo.

Nyumbani Renske alimfungukia Douwe jikoni kuhusu vitamini. "Bora afeli kuogelea kuliko kubaki kibete! Tazama mlango mwenyewe."

Douwe alitazama mlango, kisha akatazama sakafu.

"Zulia nililing'oa Novemba, Renske. Na sponji ya chini yake. Sentimita mbili na nusu. Ulilalamikia vumbi wiki nzima!"

"Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo mtoto ameongezeka moja na nusu. Kilichoshuka ni sakafu."

Hapo Fenna aliingia, nywele bado mbichi.

"Mama, kesho nipe viwili."

"Viwili vya nini?"

"Vidonge. Kimoja hakinitoshi tena. Nimemeza kila siku, sijakosa hata siku moja, na bado nimeharibu. Labda si ugonjwa. Labda mimi ni mjinga tu."

Renske, aliyejua kwa kichwa athari thelathini na mbili za dawa, hakuwahi kuisoma hii. Aibu ilimchoma mpaka masikio yakawaka.

"Si wewe, mwanangu. Nilikupa vitamini. Sikukwambia."

Fenna alimkodolea macho. "Wiki zote hizo?"

"Wiki zote."

Mtoto hakulia. Alikwenda kusimama kwenye fremu ya mlango, visigino ukutani. "Nipimwe tena," alisema. "Lakini Baba ndiye apime."

Asubuhi, mama yake alipompa kidonge, Fenna alikigeuza kiganjani, akasoma herufi moja moja zilizochongwa juu yake, akaomba boksi, akalinganisha. Ndipo akameza. Amefanya hivyo kila asubuhi mpaka leo.