Kompyuta niliyomvalisha mama ilianza kumtajia jina ambalo kwetu halitamkwi ufukweni

Wakuu, heshima zenu wote.

Humu mimi ni msomaji wa kimyakimya tangu zamani. Leo naandika kwa sababu ya kitu kilichotokea juzi na sina mtu wa kumweleza bila kuonekana nimechanganyikiwa. Sitaongeza chumvi. Wale wa "hii chai" najua mpo, andaeni vitafunwa kabisa, mimi naendelea.

Mimi ni fundi simu hapa Mwanza, nina kibanda Igogo. Mama yangu anauza dagaa wakavu ufukweni, hatua chache kutoka hapo kibandani. Ameuza pale tangu nikiwa mdogo.

Mama ana presha ya macho. Tulichelewa kujua. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, tulinde kilichobaki. Kilichobaki ni mwanga na vivuli. Sura ya mtu haioni tena hata akimsogelea puani.

Tulimwomba apumzike nyumbani. Akatuuliza, "Nikikaa ndani nitakuwa nafanya nini, nihesabu mabati?" Basi tukamwacha aendelee kuuza.

Kilichokuwa kinamuumiza siyo biashara. Ni watu. Mtu anakuja, anasimama mbele yake, anamwangalia, anaondoka bila kusema neno. Au anasalimiwa na mtu anayemjua miaka thelathini halafu inabidi aulize "wewe nani?" Mama yangu ni mtu wa watu, hilo swali lilikuwa linamuua.

Ndipo nikasema hapana, mimi ni fundi bwana, lazima nifanye kitu.

Nikaunda kompyuta ya kuvaa.

Msicheke. Nilipata kompyuta ndogo ya ukubwa wa kadi ya benki. Nikachukua kamera ndogo nikaibandika kwenye fremu ya miwani ya mtumba. Earphone moja sikio la kulia. Power bank na hiyo kompyuta vikakaa kwenye mkoba wa jinzi ambao fundi cherehani alinishonea, unafungwa kiunoni juu ya kitenge. Toleo la kwanza lilikuwa linapata moto mpaka mama akaniambia, "Umenifunga jiko." Nikatoboa matundu, nikaweka feni ndogo.

Earphone nilinunua kwa mzee mmoja wa Kihindi mjini, duka la spea za redio, anaongea Kisukuma kuliko mimi niliyezaliwa hapa. Nilipomweleza kazi yake akakataa kunipa ile ya bei rahisi. Akasema, "Kitu cha sikio la mama hakiwi cha kubahatisha." Bado namshukuru.

Kazi ya kifaa ni rahisi. Kamera ikiona sura inalinganisha na picha zilizomo kwenye folder. Ikipata inayofanana inamtajia mama jina sikioni. Isipopata inasema "mgeni". Haihitaji bando.

Hapa shikeni mambo mawili, maana ndiyo yaliyonigharimu.

La kwanza, ile sauti ya kompyuta ilikuwa inatamka majina ya kwetu vibaya sana, mama akawa anacheka. Kwa hiyo nikarekodi majina kwa sauti yangu mwenyewe, pamoja na neno "mgeni". Jina ambalo sijarekodi, kompyuta inalisoma yenyewe kwa ile sauti yake ya kiroboti.

La pili, programu ilikuwa inachukua jina la faili la picha kuwa ndiyo jina la mtu. Dada yangu mkubwa, Sabina, ana folder la picha za familia, zote kaziandika majina vizuri. Mimi kwa uvivu nikalikopi lote kama lilivyo. Halafu nikaenda ufukweni nikapiga picha majirani na wateja wake, mmoja mmoja.

Watu thelathini na kitu. Fundi nikajiona mjanja.

Siku ya kwanza mama alilia, wakuu. Jirani yake wa meza, Mama Rehema anayekaanga mihogo, alisimama tu mbele yake bila kusema kitu, na mama akamwambia, "Mama Rehema, mbona umenuna?" Ufukwe mzima ulipiga vigelegele. Nami nikageuka upande nikajifuta macho, sioni aibu kusema.

Kwa sababu betri haikuwa inamaliza siku, kila saa kumi jioni nilikuwa nafunga kibanda dakika chache, nashuka kubadilisha power bank.

Siku hiyo ya kwanza saa kumi nilipomsogelea, mama aliganda. Mkono uliokuwa unachota dagaa ulibaki hewani. Kisha akasema taratibu, "Umekuja."

Kawaida huwa ananiambia "Masatu mwanangu, umeshakula?" Nikadhani amechoka. Nikabadilisha betri nikaondoka.

Sasa lazima niwaambie kuhusu baba.

Baba yangu alikuwa mvuvi. Alichukuliwa na ziwa miaka kumi na tisa iliyopita na mwili haukupatikana. Kwa ukoo wetu mwili usipopatikana unazikwa mgomba badala yake, tukauzika mgomba, tukalia, tukaweka msalaba. Siku ile bibi, mama yake baba, alitoa katazo moja. Jina la mwanaye lisitamkwe ufukweni. Alisema aliyebaki majini akisikia anaitwa ataitika.

Mimi siyo mtu wa mambo hayo. Lakini hatujawahi kulitamka pale. Na taratibu hata nyumbani likapotea. Mama anamwita "mwenzangu". Mimi nasema "mzee".

Wiki mbili zilipita vizuri. Niliona tu mama ameanza kuvaa kitenge chake cha kanisani kwenda kuuza dagaa. Nikamtania kuwa ana mchumba. Hakucheka.

Jumatano moja nilipata kazi ya kufunga kamera Buswelu, upande wa pili wa mji, nikamwekea mama power bank kubwa asubuhi. Saa kumi sikushuka.

Baada ya hapo siku kadhaa, Mama Rehema alinifuata kibandani, mikono bado ina unga. Akasema, "Masatu, mwangalie mama yako. Anasogea."

"Anasogea wapi?"

"Majini. Kila siku kigoda anakiweka mbele kidogo. Nikimwambia ananijibu jua linamchoma. Halafu ikikaribia saa kumi anaongea peke yake."

Nilikereka, nikaona ni maneno ya ufukweni. Lakini jioni ile nilikopi memori kadi, maana nilitaka pia kujua kwa nini betri inaisha haraka. Kifaa huwa kinatunza picha ya kila sura kinayoitambua, saa, na jina kililolitaja.

Kesho yake mchana, kwenye saa tisa, nikafungua.

Nikaona Mama Rehema. Wateja. Mchungaji. Tena Mama Rehema.

Halafu saa kumi. Picha yangu mimi, nimeshika power bank, na usoni kiboksi cha kijani ambacho programu huchora kila ikiona sura. Chini yake jina: MAGESA.

Hilo ndilo jina la baba.

Siku ya pili saa kumi, mimi tena. Magesa. Siku ya tatu, Magesa.

Kwanza nilishtuka, halafu akili ya kifundi ikarudi. Niliwasajili watu wote, nikasahau kujisajili mwenyewe! Mimi ndiye nilikuwa napiga picha, nani angenipiga? Na kwenye folder la Sabina kulikuwa na ile picha ya baba ya studio, tuliyoibeba msibani. Nimefikia umri wa baba wa kwenye ile picha, na nimefuga ndevu kama zake. Mashine ilitafuta sura iliyo karibu na yangu ikampata yeye.

Kwa hiyo kila saa kumi, pale pale ufukweni, mama alikuwa anasikia jina la mume wake. Na siyo kwa sauti yangu. Kwa ile sauti ngeni ya kiroboti, sauti ambayo haimtaji mtu mwingine yeyote.

Mungu wangu.

Kisha nikafika Jumatano. Siku niliyokuwa Buswelu.

Saa kumi ipo. Picha ipo. Ndani yake hakuna mtu. Ni mchanga, mawe mawili, na maji. Kile kiboksi cha kijani kimechorwa juu ya maji, na jina ni MAGESA. Kile kifaa huwa kinaandika pia kina uhakika kiasi gani. Kwangu kilikuwa kinasitasita, kidogo juu ya nusu. Kwenye yale maji kilikuwa na uhakika karibu wote.

Nikaendelea kufungua. Baada ya Jumatano, picha za kila siku zinaonyesha maji yako karibu zaidi. Alhamisi yale mawe mawili yapo miguuni pake. Ijumaa mawe hayaonekani tena, kigoda kimeshayapita. Picha ya mwisho, mguuni kwangu kuna povu.

Nilikuwa nasimama pale kila siku na sikuona. Mimi mwenye macho!

Nilikimbia wakuu. Kibanda niliacha wazi na simu za watu mezani.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda ndani ya maji. Maji yamefika juu ya vifundo vya miguu. Kitenge cha kanisani kimelowa. Meza ya dagaa imebaki nyuma huko na Mama Rehema anamwita, yeye anatazama mbele.

"Mama, toka majini."

"Umewahi leo," akasema.

"Unamsubiri nani hapa?"

Akageuza uso kwangu. "Usiniulize kitu ulichokileta wewe."

Nikapiga magoti kwenye maji nikamweleza yote. Picha ya studio, ndevu, kosa langu. Nikamwomba msamaha huku nalia kama mtoto.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanishika kichwa. "Masatu, unaburuza mguu wa kushoto tangu ulipovunjika ukiwa darasa la pili. Unanuka ile risasi yako ya kuchomelea. Unafikiri sijui ni wewe? Kila siku nilijua ni wewe. Nilikuwa naacha tu kiseme, kwa sababu hakuna anayenitajia tena jina lake."

Nilimshika mikono ili nimwinue.

"Lakini ile Jumatano," akaendelea, "kilisema, na sikusikia hatua za mtu. Nikasubiri unisalimie. Kimya. Nikamwambia sioni, asogee karibu. Kikarudia jina lake. Baadaye nikaona ninamchosha bure, nisogee mimi."

Nilimbeba. Mama siyo mwepesi, lakini nilimbeba mpaka nyumbani.

Jioni ile, Sabina akiwepo, nilimwambia mama kuwa naifuta ile picha ya baba. Aliwaza sana, akakubali. Ila alitaka kwanza nilitamke jina la baba, hapo ndani, mbali na maji. Miaka kumi na tisa sijalitamka. Nilisema, "Magesa." Sauti ilinitoka ya ajabu. Mama akasema, "Ndivyo alivyokuwa analitamka mwenyewe."

Nikaifuta. Nikajisajili mimi, nikarekodi jina langu. Meza tukaisogeza juu kabisa, mbali na maji, na kigoda nikakifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza. Earphone nikaitoa, nikaweka spika ndogo kwenye kola yake, ili kila kinachosemwa sote tusikie.

Wenye wazazi kama wangu, mkitengeneza kitu cha namna hii, pitieni faili moja moja. Kaeni na mzazi mumuulize nani aingie na nani asiingie. Mashine haijui nani amekufa. Na mkishamaliza kusajili watu wote, jisajilini na nyie. Mimi nilishughulika na kifaa mpaka nikasahau kuwa mama alikuwa na kiu ya kusikia jina moja tu, ambalo ningeweza kumtajia mwenyewe bila betri.

Sasa cha juzi, ambacho ndicho kimenifanya niandike.

Nimeshuka saa kumi. Kifaa kikasema "Masatu", sauti yangu, vizuri kabisa. Mama akauliza kama nimekula. Nikaenda nyuma yake kubadilisha betri. Mama Rehema alikuwa amekwenda kuchota maji. Hapakuwa na mteja. Mbele yetu kulikuwa na mchanga na ziwa limetulia.

Spika ikasema, kwa sauti yangu mwenyewe, "Mgeni."

Niliangalia mbele. Hakuna mtu.

"Mgeni," ikasema tena.

Najua mtaniambia mwanga juu ya maji unaweza kuidanganya kamera, ikaona jicho na mdomo pasipo na uso. Nimejiambia hivyo hivyo tangu juzi. Wataalamu wa kamera mnieleze, kwa nini ni saa kumi, na kwa nini ni pale pale. Karibuni mnipe mawazo, hata wa matusi karibuni.

Lakini mama hakushtuka hata kidogo. Alinyoosha kitenge magotini, akatabasamu kuelekea ziwani, na akaongea na kile kifaa kwa upole, kama anamsahihisha mtoto.

"Huyo siyo mgeni," akasema.