Noti ya Malawi Mnadani

Jumapili iliyopita, baada ya ibada kanisani kwetu Kaaga, mgeni mmoja alisimama. Alisema ametoka Malawi, mke wake amelazwa Marsabit, na pesa iliyombakia ni noti moja ya kwao. Benki zilikuwa zimefungwa na hakuna duka mjini lililoikubali. Mimi, Mungu anisamehe, nilisema kimoyomoyo, huyu ni tapeli.

Mzee wa kanisa alikuwa akinadi sadaka, yale mayai na ndizi wanazoleta wasio na pesa. Akamweka chini kuku aliyekuwa amemshika, akaichukua ile noti, akaiinua.

"Na hii, nani anataka?"

"Mzee, hiyo inataga?" akauliza mama mmoja. Tukacheka.

"Haitagi, lakini itapanda basi. Anza wewe."

"Haya, mia mbili."

Akalipa, akapewa noti. Halafu, kama tunavyofanya na yai, akairudisha mezani inadiwe tena. Mwalimu akainunua, akairudisha. Muuza maziwa naye vivyo hivyo, na wengine, hadi nauli ya Marsabit ikatimia na pesa ya chakula juu.

Mnunuzi wa mwisho, mama muuza mboga, hakuirudisha mezani. Alimwendea mgeni, akamwekea mkononi, akamkunja vidole.

"Shika, baba. Ukirudi kwenu utaihitaji."

Mgeni alikaa chini polepole.

Habari ya mikate mitano iliyolisha maelfu nimeisikia tangu utotoni. Nilidhani ilitokea mara moja tu.