Asubuhi Niliyojifanya Sijui Kiswahili

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiiwaza naona haya. Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini, hapahapa Durban, na mimi nilikuwa msichana kama wewe, nasomea unesi wa cheti. Ule wa miaka miwili, ambao shangazi zako wanakuambia si unesi kamili. Waache waseme. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nilikuwa nimetoka Tanga kumfuata kaka yangu, tukipanga chumba Cato Manor. Kabla ya hapo nilishona mashati kiwandani Jacobs, kwa hiyo siku niliyovaa sare ya mwanafunzi nilijiona nimezaliwa upya. Lakini nilikuwa na siri. Wakati ule mgeni alisemwa vibaya kwenye taxi, sokoni, hata wodini. Iko Durban jamii ya Waislamu weusi waliozaliwa huku, mtaa wa Chatsworth, mababu zao walitoka pwani yetu zamani sana. Basi wenzangu waliponiuliza kwetu wapi, nilijibu, "Chatsworth," kama mmoja wao. Kizulu nilikuwa nimeshakishika. Kiswahili nilikiacha mlangoni kila asubuhi kama viatu vyenye tope. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, nami nilikuwa nimejitia utumwani kwa hiari yangu.

Siku hiyo tulimkuta wodini mama mmoja Mkongomani, Mama Neema, mtu wa Uvira. Aligongwa na gari akivuka kwenye robot, taa za barabarani, kule Mobeni, mguu ukavunjika, akafungwa plasta kuanzia kidoleni hadi juu ya goti. Kiingereza hakijui, Kizulu hakijui. Nilipokuja na beseni kumwogesha, alinishika mkono.

"Pardon, dada. Mguu iko inaniuma. Vidole siko nasikia tena. Unisaidie."

Nilimwelewa, mwanangu. Kila neno. Lakini upande wa pili wa kitanda alisimama mwanafunzi mwenzangu, naye akacheka: "Eish, hawa makwerekwere, nani atawaelewa?" Ndivyo walivyotuita wageni kwa dharau. Nikacheka naye. Nikakamua kitambaa, nikamfuta Mama Neema uso, nikasogea kitanda cha pili. Nilijiambia kwamba mwenye kuvunjika lazima aumwe, na kwamba daktari ataona mwenyewe akipita.

Daktari alipita. Mama Neema aliongea, akaonyesha mguu, akalia. Daktari akaagiza dawa ya maumivu, akaendelea.

Chai ya saa nne ikaja ikaondoka. Kila nilipopita pale aliniita, na sauti yake ilizidi kushuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta; ule ufa ulikuwa ukipanuka mbele ya macho yangu.

Alikuwapo wodini mwetu nesi mtu mzima, MaKhumalo, mwenye cheti kilekile nilichokuwa nakitafuta mimi. Alikifanyia kazi miaka ishirini, na hakuwahi kuwa sista, yaani nesi mkuu wa wodi. Karibu na saa sita alikuja kugeuza mito ya Mama Neema, na mimi nikamsaidia. Mama yule alilia, "Mama wee, mguu yangu inakufa." Sikuweza tena. Machozi yalinitoka.

MaKhumalo akanitazama. "Anasema nini?"

"Sijui, Ma."

"Mntanami," akasema taratibu, yaani mwanangu, "mdomo wako haujui. Macho yako yanajua."

Nikamwambia. Hakuuliza nimejuaje. Alifunua shuka, akabonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu wa Mama Neema, akasubiri damu irudi. Haikurudi upesi. Vidole vilikuwa baridi, vimevimba, rangi imegeuka; plasta ilikuwa imeubana mguu mno. Akamwita sista, sista akapiga simu, na daktari akarudi mbio na msumeno wa kukatia plasta. Mimi nilisimama kichwani pa kitanda nikitafsiri kwa sauti, wodi nzima ikisikia, "Anasema hapa anasikia, hapa hasikii." Plasta ilipopasuka Mama Neema alivuta pumzi ndefu, kisha akaniangalia.

"Kumbe unasemaka Swahili?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu asubuhi?"

Nikainama kuokota vipande vya plasta. Akageuzia uso wake ukutani.

MaKhumalo alinipeleka kwenye chumba cha kuoshea vyombo vya wagonjwa, akafunga mlango. Nilidhani atanifukuzisha. Akanipa kitambaa nifute macho, akasubiri nimalize.

"Nimeishi miaka mingi nikidaiwa karatasi na polisi wa makaburu katika nchi niliyozaliwa," akasema. "Woga naujua, sikulaumu kwa woga. Lakini sikiliza. Daktari anakaa na mgonjwa dakika tano. Sista ana wodi nzima. Anayemshika mgonjwa mwili, akamwogesha, akamlisha, ni mimi na wewe. Tukiziba masikio sisi, atamwambia nani?"

Kisha akasema, "Twende, tuna vitanda vinne havijatandikwa." Hakulirudia tena lile jambo, si kwangu wala kwa mtu mwingine.

Mguu wa Mama Neema ulipona, alhamdulillahi. Lakini vidole viwili vilibaki na ganzi, na akitembea huuburuta kidogo. Daktari alisema saa chache zaidi zingeweza kumpotezea mguu. Hakujua zile saa zilikuwa za nani. Nilijua mimi, na siku tatu nilimhudumia Mama Neema akinipa mgongo. Nilimwomba radhi, akavuta shuka hadi kichwani. Siku ya nne nilimkuta anahangaika na nywele zake, mkono haufiki kisogoni. Nikasimama tu, nikaogopa kumgusa.

"Njoo, unisuke," akasema. Na nilipokuwa nasuka, akaongeza kwa sauti ndogo, "Hata mimi, njiani kuja huku, nilinyamazaka mara mingi, watu wasijue natoka wapi. Siko na hasira tena."

Nilimsuka mistari sita, na yote ilikwenda upande, maana nilikuwa nalia. Wenzangu niliwaambia kwetu ni Tanga. Mmoja alihama meza ya chai. Wengine wakaniomba niwafundishe kusema pole.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kaifanye kazi hiyo ya unesi kwa moyo mmoja, na usihesabu ni wangapi wako juu yako. Mgonjwa akikuambia jambo, liamini kwanza, kisha liangalie kwa mkono wako, kisha lipeleke kwa mwenye uwezo, na asipokusikia rudi tena useme. Usiogope kuonekana mshamba, wala mgeni, wala mdogo. Na siku utakapokosea, maana utakosea, sema mapema, wakati kosa lingali linatibika. Kisha rudi kwa uliyemkosea hata akikupa mgongo.

Mungu akutie nguvu miguuni kwa zamu ndefu, akupe sikio la upole, na akujaalie mkubwa wa kukuonya bila kukuvunja. Wanaokungoja vitandani, uwafikie wakiwa hai, na uwaache wakiwa wametulia. Amina.